Mtwa Mkwawa Asubiri Kidogo: Mada Zipi Ziingie Kwenye Kikundi cha Historia ya Makabila Madogo

Itisha mada kwenye kikundi kipya cha historia hapa Nyanda za Juu Kusini. Weka kikasha mezani, gawa vikaratasi, subiri. Ukifungua, kikaratasi cha kwanza kitasema Mkwawa, yule mtwa (mtawala) wa Wahehe. Cha pili, Mkwawa na Wajerumani. Cha tatu kitauliza fuvu lilirudi lini. Si ajabu. Mapigano ya Lugalo 1891, kuanguka kwa Kalenga 1894, kifo chake 1898, fuvu kurudishwa 1954: haya yanafundishwa darasani, yana makumbusho pale Kalenga, yana tarehe. Mtu hupendekeza anachokijua. Ila kikundi kimejiita cha makabila madogo, na mkutano wa saa mbili ukimpa Mkwawa saa moja na nusu, basi Wadzungwa, Wawanji, Wamalila, Wabungu na Wapenja watagawana dakika zilizobaki, tena watatajwa kama waliopigwa au waliokimbia.

Andiko hili ni la wenye vikundi vya namna hiyo, wa Mbeya mjini, Iringa, Njombe, Tukuyu, Makambako, popote watu kumi na tano wanapoweza kukaa kwenye ukumbi wa kanisa au chumba cha maktaba wakazungumza ya zamani bila kushikana mashati. Msemaji hupatikana tu, wazee wenye maneno hatujawakosa. Kazi iko kwenye kuamua mada ipi iingie, ipi irudi jikoni ikapikwe tena, na ipi isiguswe.

Tuanze na hilo neno "dogo", maana ndilo linalovuruga vikao vya mwanzo. Sensa ya mwisho kuuliza kabila nchini ilikuwa ya 1967. Tangu hapo hakuna takwimu rasmi, kwa hiyo anayesema Wamalila wako kadhaa na Wanyiha kadhaa anatumia makadirio ya mtu fulani. Kikundi kikipima udogo kwa vichwa, kitaingia kwenye ubishi wa hesabu usio na mwamuzi. Halafu hesabu yenyewe inadanganya. Wasukuma ndio kabila kubwa kuliko yote Tanzania, lakini familia ya Kisukuma iliyoingia bonde la Usangu na ng'ombe wake ni ya wachache pale, na habari zake nyingi zimeandikwa na watu waliotaka iondoke. Mnyakyusa ni mwenyeji mwenye sauti Mbeya. Akivuka Makambako kuelekea Iringa, ni mgeni kama wageni wengine.

Kipimo kinachofanya kazi ni hiki: mdogo ni yule ambaye habari zake zimewekwa chini ya jina la mwingine.

Tazama jina la Wanyakyusa lenyewe. Wajerumani walikuwa wakiandika "Wakonde" kwa karibu kila mtu wa kaskazini mwa Ziwa Nyasa. Jina la Nyakyusa lilikuwa la watu wa tambarare ya ziwa. Likaja kutandazwa juu ya Wakukwe, Waselya, Walugulu na wengine wa milimani baada ya Waingereza kuleta utawala wa kupitia machifu mwaka 1926 na kutaka kila eneo liwe na kabila lenye jina moja. Rungwe ilikuwa na malafyale (watawala) wengi, kila mmoja na nchi yake ndogo. Kwenye faili wakawa kitu kimoja. Uheheni ni hivyo hivyo: Munyigumba, baba yake Mkwawa, aliunganisha nchi ndogo ndogo nyingi katikati ya karne ya 19, na walioungwa wakawa Wahehe. Wadzungwa wameacha jina lao kwenye milima ya Udzungwa ambayo watalii wanaijua, lakini mtafute Mdzungwa kwenye vitabu uone kama utampata nje ya sura ya Wahehe.

Kwa kipimo hicho, hata kabila kubwa lina wadogo ndani yake, na kikundi hakilazimiki kumfungia mlango Mhehe wala Mnyakyusa. Analazimika tu kuja na habari ya yule aliyemezwa.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Utengule. Kuna Utengule ya Usangu, upande wa Mbarali, na kuna Utengule nyingine karibu na Mbalizi, kwenye nchi ya Wasafwa, kilomita chache tu kutoka Mbeya mjini. Jina moja, sehemu mbili, na kati yake kuna vita. Wahehe walipomzidi nguvu Merere, mtwa wa Wasangu, katika miaka ya 1870, alihamia Usafwa na watu wake akajenga ngome. Wajerumani walipowavunja Wahehe miaka ya 1890, Wasangu wakarudishwa kwao. Sasa soma tukio hilo mara tatu. Kwa Mhehe ni ushindi. Kwa Msangu ni uhamisho na kurudi nyumbani. Na kwa Msafwa? Kwake ni miaka mingi ya mtawala mgeni aliyekuja na jeshi lake, akakaa juu yake, akala chakula chake, kisha akaondoka akaacha jina la mji. Masimulizi mawili ya kwanza yamezoeleka. La tatu ndilo mada.

Kwa hiyo mtihani wa kwanza ni mwepesi, na unaweza kufanywa kwa kalamu pale pale mezani: kata jina la mkubwa kwenye kichwa cha mada, uone kinachobaki. "Mkwawa na Wabena" ikikatwa inabaki "Wabena", na hiyo si mada, ni kabila. Irudishwe. "Wabena waliohamia bonde la Kilombero wakati wa vita na Wahehe" ukimkata Mhehe bado kuna watu, kuna safari, kuna mahali walipofika na maisha mapya kwenye nchi ya mito na mpunga. Hiyo ipite.

Mtihani wa pili ni wa kikaratasi chenyewe. Usikubali mada ya maneno matatu. Mpe mpendekezaji nusu karatasi ya A4 na umtake ajaze vitu vinne: mahali, miaka, habari zitatoka wapi, na swali ambalo watu wawili wenye akili wanaweza kulijibu tofauti. Anayeshindwa kujaza cha nne mara nyingi anataka kutoa hotuba.

Mahali paandikwe hadi kijiji au kata, na paandikwe kwa majina yote yaliyowahi kutumika. Wengi hupuuza hili halafu wanapotea kwenye nyaraka. Songwe ni mkoa tangu 2016, kabla ya hapo ni Mbeya. Njombe imekuwa mkoa 2012, kabla ya hapo ni Iringa. Nyuma zaidi kulikuwa na Jimbo la Nyanda za Juu Kusini. Tukuyu kwa Wajerumani iliitwa Neu Langenburg, na anayetafuta habari za 1905 kwa jina la Tukuyu atarudi mikono mitupu akadhani hakuna kitu. Kwa watu wa mpakani ongeza na upande wa pili: Walambya wako Ileje na wako Malawi, Wanyamwanga wako Momba na wako Zambia. Mada ya Walambya inayoishia Mto Songwe imekata familia katikati, kama walivyofanya Waingereza na Wajerumani walipogawana nchi mwaka 1890.

Miaka isizidi arobaini. "Historia ya Wakinga tangu zamani hadi leo" haizungumziki kwa saa mbili, kila mtu atavuta upande wake. Na hapa kuna hesabu ya kufanya kabla ya kumwalika mzee yeyote. Mzee aliyezaliwa 1940 anaanza kukumbuka kwa macho yake kama mwaka 1947. Yaliyotangulia amesimuliwa. Kama babu yake alizaliwa 1880 akafariki 1955, basi habari za Majimaji za 1905 zimepita mkono mmoja: babu aliyekuwa na miaka 25 vita vilipotokea, mjukuu aliyesikia akiwa na miaka kati ya 7 na 15. Hiyo ni nzuri sana. Mikono miwili bado inafaa. Ikifika mitatu, ichukue kama simulizi la ukoo, uliza ukoo unajivunia nini ndani yake, lakini usiijenge tarehe juu yake. Wazee wenyewe hawatumii tarehe. Watakuambia alizaliwa mwaka wa nzige au baba alirudi vitani. Nzige wanakupeleka miaka ya 1930, lakini walikuja zaidi ya mara moja, kwa hiyo uliza pia nani alikuwa chifu na barabara ilikuwa imefika wapi.

Chimbuko la habari liwe la aina mbili, si mawili ya aina moja. Wazee watatu wa ukoo mmoja ni chimbuko moja. Mzee na karatasi, au mzee na kitu cha kushika mkononi, ndiyo mawili. Karatasi si lazima itoke mbali. Wamoravian walifika Rungwe 1891 na Walutheri wa Berlin waliingia upande wa ziwa mwaka huo huo, na popote misheni ilipokaa kuna vitabu vya ubatizo. Kitabu cha ubatizo kinataja jina la zamani, jina jipya, wazazi, kijiji, tarehe. Kwa watu wadogo ambao hakuna aliyewaandikia kitabu, mistari hiyo ni dhahabu. Omba kwa adabu, peleka barua, usiombe kupiga picha siku ya kwanza. Kwa nyaraka za serikali, vitabu vya wilaya walivyojaza mabwana shauri wa Kiingereza viko Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Chini ya sheria ya kumbukumbu na nyaraka ya 2002, faili za serikali hufunguliwa kwa umma baada ya miaka 30, kwa hiyo mada ya miaka ya 1970 ina nafasi, ya juzi haina.

Na kitu cha kushika mkononi? Chukua chungu cha Wakisi. Wakisi wanakaa ufukweni mwa Ziwa Nyasa, milima ya Livingstone imewabana mgongoni na maji yako mbele, ardhi ya kulima ni kidogo. Wanawake wao hufinyanga vyungu, na vyungu hupakiwa kwenye mitumbwi kwenda kuuzwa mnadani Lyulilo, Matema. Weka chungu kimoja mezani, kiguse, kigeuze. Rangi ya udongo, mabaka meusi ya moto, ukingo. Maswali yanakuja yenyewe: udongo umechimbwa wapi na nani ana ruhusa ya kuchimba? Nani alimfundisha mfinyanzi, mama au mama mkwe? Kabla ya shilingi kilibadilishwa na nini? Sufuria za bati zilipofika Kyela, nani alipoteza mapato? Hapo umepata mada ya kiuchumi, ya wanawake, ya kabila dogo kabisa, bila chifu hata mmoja ndani yake. Naona vikundi vyetu vinapenda machifu kupita kiasi. Ukiacha machifu peke yao waongee, nusu ya watu, yaani wanawake, hawamo.

Sasa zile za kukataa, au tuseme za kurudisha jikoni.

"Nani alifika wa kwanza" irudi bila mjadala. Inaonekana ya kihistoria, lakini kila anayeiuliza ana shamba kichwani. Pale Usangu na Ihefu wafugaji waliondolewa kwa nguvu mwaka 2006, na mwaka 2008 Hifadhi ya Ruaha ikapanuliwa ikameza pori la akiba la Usangu, vijiji vikaingia kwenye mgogoro wa mipaka uliodumu miaka. Kikundi cha historia kikitamka kwamba fulani ndiye mwenyeji wa kweli, maneno hayo yatabebwa kwenda kwa mwanasheria au kwenye mkutano wa kijiji. Mada yenyewe si mbaya, ina sura mbaya tu. Igeuze: "Mpunga wa kumwagilia Usangu: mifereji ilichimbwa na nani, na nani aligawiwa maji?" Utapata Wasangu, utapata Wabaluchi wa Rujewa ambao wanahusishwa na kilimo hicho tangu nusu ya kwanza ya karne ya 20, utapata wafugaji waliokuja baadaye, wote kwenye mfereji mmoja, na hakuna anayedai hati.

"Chifu halali ni yupi" nayo hivyo hivyo. Uchifu uliondolewa kisheria mwaka 1963, lakini koo hazijasahau, na kuna nyumba mbili zisizosalimiana kwa sababu ya nani alirithi nini kabla babu zao hawajazaliwa. Unaweza kujadili uchifu ulivyofanya kazi: kodi, kazi za lazima, kesi za mahari. Usijadili nani angekuwa mtwa leo.

Maana ya majina nayaonea huruma, kwa kuwa kila mtu anayapenda. Iringa imetoka kwenye lilinga, ngome kwa Kihehe. Mbeya inaelezwa kuwa imetoka kwenye ibeya, chumvi kwa Kisafwa, kwa sababu ya biashara iliyofanyika hapo. Vizuri, dakika kumi zimeisha. Baada ya hapo watu wanaanza kubuni: kila jina la kijiji linapata Mjerumani aliyesikia vibaya. Tumia majina kama kionjo cha kufungulia mkutano wakati watu bado wanaingia, usiyape mkutano mzima. Isipokuwa kama jina linaonyesha watu waliohama, kama zile Utengule mbili.

Mizimu na sehemu takatifu ni jambo la heshima kuliko la hofu. Lubaga, karibu na Tukuyu, ni msitu mtakatifu wa Lwembe, anayeheshimiwa katika jadi, na habari zake zinawaunganisha Wanyakyusa na Wakinga kwa njia ambayo ramani ya makabila haionyeshi. Inafaa sana. Lakini kuna yanayosemwa mbele ya watu na yasiyosemwa, na anayejua mpaka huo ni mwenye jadi, si mwenyekiti wa kikundi. Aulizwe kabla mada haijatangazwa. Akisema hapana, mada imekwisha. Msimtafute mpwa wake anayependa kuongea.

Mateka na watumwa ndiyo mada nzito kuliko zote, na naisimamia iingie. Vita vya karne ya 19 vilizalisha mateka kila upande. Wakaoa, wakaolewa, wakapewa majina ya koo zilizowachukua. Watoto wa watoto wao wako, na kijijini watu wanajua ni kina nani ingawa hakuna anayesema mchana. Ukitafuta watu waliomezwa na jina la mwingine, hakuna waliomezwa kuliko hawa. Jadilini namna mateka alivyoingizwa kwenye ukoo, alipewa shamba lipi, mahari ya binti yake ilipokelewa na nani. Msitaje ukoo wowote uliopo, hata kama anayetaka kuutaja ni mtu wa ukoo huo huo, kwa sababu binamu zake hawakumtuma. Kanuni hiyo hiyo iwahusu waliotuhumiwa uchawi au kunyweshwa mwavi, ile sumu ya kupima mwenye hatia. Na kama mnarekodi sauti, idhini iombwe kabla, iandikwe, na mzee aruhusiwe kuifuta kesho yake. Tangu 2022 kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, lakini hata isingekuwapo, mzee ni mzee.

Majimaji huwa inaletwa kwa jumla jumla, kana kwamba makabila yalijipanga mstari mmoja. Ilete kupitia Yakobi, karibu na Njombe, misheni ya Walutheri iliyoshambuliwa Septemba 1905. Ndani kulikuwa na Wabena, nje Wabena. Swali la nani alikuwa upande gani, na baada ya hapo walikaaje kijiji kimoja, linatosha mikutano miwili.

Wageni je? Wakati wa Vita Kuu ya Pili wakimbizi wa Kipolandi waliwekwa Ifunda na Kidugala, na kila kikundi kina mtu anayeitaka mada hiyo kwa sababu makaburi yao yapo na wageni huja kuyaona. Iingie kwa sharti: isimuliwe kutoka nje ya uzio. Nani aliwauzia mayai na maharage, nani alijenga, nani alijifunza nini, ardhi ilikuwa ya nani kabla na ilirudi kwa nani. Bila sharti hilo mtajikuta mnasimulia Ulaya. Wagiriki wa mashamba ya tumbaku Iringa, sharti ni hilo hilo.

Na msidhani historia ya wadogo inakaa nyumbani. Wabena na Wakinga walikwenda manamba, yaani vibarua wa mkataba, kwenye mashamba ya mkonge. Watu wa Rungwe na Ileje walikwenda migodini, Kopabelti ya Zambia na Afrika Kusini. Sehemu ya historia yao iko kwenye kambi za huko.

Kupanga ratiba nako kuna ujanja wake. Mvua zetu zinaanza Novemba hadi Aprili. Desemba mtu wa kijijini yuko shambani na barabara ya Makete au Ileje haina huruma. Mada za kusoma karatasi ziwekwe miezi hiyo. Mada zinazohitaji wazee waje mjini, au kikundi kiende kuona mahali, ziwekwe Juni hadi Oktoba, mavuno yameingia na watu wana nauli. Kabila moja lisipewe mikutano miwili mfululizo. Mada zipitishwe na watu watatu wanaobadilishwa kila miezi sita, na mada ya Wasafwa isiamuliwe na Msafwa peke yake wala bila Msafwa. Vikundi vingi hufa pale mwalimu mmoja mstaafu anapokuwa msemaji, mwamuzi na mwandishi wa kumbukumbu kwa pamoja. Anajua mengi kweli, na ndiyo maana wengine wanaacha kuja.

Lugha: mzee aseme lugha yake, mmoja atafsiri, na maneno ya msingi yaandikwe yalivyo. Ukiandika "chifu" kwa malafyale, mtwa na mwene umewafanya wamoja, na hawakuwa wamoja. Utani nao uachwe kwenye chai. Ule wa mbwa kwa Wahehe kila mtu anaujua na hakuna anayeumia. Ukiingia kwenye kumbukumbu zilizoandikwa, miaka thelathini baadaye mtu ataunukuu kama ushahidi.

Kikaratasi kilichopikwa vizuri kinasomeka hivi. Kilikuja na maneno "Wandali na Wenela", Wenela likiwa shirika lililoandikisha vibarua wa migodi ya Afrika Kusini. Kimerudi kikiwa: Ileje, kata moja, upande wa Tanzania na vijiji vya ng'ambo ya mto. Miaka 1945 hadi 1961, kabla uandikishaji wa vibarua wa kwenda Afrika Kusini haujasimamishwa. Habari: wanaume wawili waliokwenda, wanawake wawili waliobaki, na sanduku la chuma alilorudi nalo mmoja wao, lifunguliwe mbele ya watu kama familia itakubali. Swali: fedha ya mgodini ilinunua ng'ombe wa mahari au mabati ya nyumba, na aliyebaki akilima peke yake aliulizwa?

Nyuma ya kikaratasi, kwa mkono mwingine: aliyekwenda 1958 akiwa na miaka 20 alizaliwa 1938. Mada hii isingoje kiangazi cha mwakani.